Kasri la Berlin: maswali ninayoulizwa kila nikipeleka mgeni

Kila ndugu au rafiki anayetua Berlin, mwisho wa siku nitamfikisha kwenye lile jumba kubwa la kisiwani, katikati ya mto Spree. Tukitoka tu kwenye kituo cha treni cha Museumsinsel, jengo liko mbele yetu, na maswali yanaanza kabla hatujavuka barabara. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Ukija, soma kwanza, tukikutana tuzungumze mengine.

Hili jengo ni la zamani au jipya?

Umeanza na swali lililowagombanisha Wajerumani kwa miaka ishirini. Sura unayoiona upande wa kusini, magharibi na kaskazini ni ya kasri la mwanzoni mwa karne ya 18, la mtindo wa baroko. Lakini jiwe unaloligusa limewekwa miaka hii ya karibuni: jiwe la msingi liliwekwa Juni 2013, na jengo likafunguliwa kwa njia ya intaneti Desemba 2020, wakati wa korona, kisha kwa wageni wanaofika wenyewe Julai 2021. Ndani ya ukuta ni zege kama jengo lolote la siku hizi. Juu ya zege kuna matofali, na juu ya matofali ndipo linapokuja jiwe la mchanga lililochongwa na plasta ya rangi ya njano iliyofifia.

Ukitaka kuona la kale lenyewe, usikae nje. Ingia ukumbi wa sanamu, ghorofa ya chini. Humo wamesimama majitu ya mawe yaliyokuwa kwenye kasri la kwanza: meusi kwa moshi wa miaka mia mbili, mengine hayana mikono, nyuso zimeliwa na mvua hadi pua zimekuwa bapa. Ukitoka uani utawakuta ndugu zao wapya, wazima, weupe, pua zimechongoka. Mimi nawapenda wale wa ndani.

Nani alianza kulijenga?

Friedrich wa Pili, mtawala wa Brandenburg, mwaka 1443. Watu walimwita Jino la Chuma, na si kwa mapenzi. Wakati huo Berlin na jirani yake Cölln ilikuwa miji ya wafanyabiashara iliyozoea kujiamulia mambo yake, naye akaenda kujenga ngome palepale katikati yao. Mwaka 1448 wenyeji walifungua milango ya maji, wakaufurisha uwanja wa ujenzi. Walishindwa, lakini kumbuka hilo: jengo hili lilianza kwa ugomvi na halijawahi kuuacha.

Karne moja baadaye, kuanzia 1538, Joachim wa Pili alilivunja sehemu kubwa na kujenga kasri la mtindo wa Renesansi, uliotangulia baroko. Kina Friedrich na kina Joachim ni wengi kwenye hadithi hii, usijali ukiwachanganya.

Baroko ndiyo nini hasa?

Ni mtindo uliozaliwa Roma mwishoni mwa karne ya 16, ukaenea Ulaya nzima kwa miaka mia moja na hamsini hivi. Vitabu vitakupa maelezo marefu. Mimi humpeleka mgeni kwenye ua wa ndani unaoitwa Schlüterhof na kumwambia atazame ukuta bila kusema kitu.

Ukuta wa kawaida umelala. Huu haujalala. Katikati ya kila upande wa baroko, sehemu moja imejitokeza mbele kama mtu aliyetanguliza kifua, na mbele yake zimesimama nguzo nene zinazopanda kupita ghorofa moja. Ukingo wa juu haunyooki kama rula: ukifika kwenye nguzo unatoka nao, ukiipita unarudi ndani. Juu kabisa, pembezoni mwa paa, kuna sanamu zinazoinama kukutazama. Matokeo yake ni vivuli. Jua likisogea, vivuli vinasogea, na ukuta unaonekana kama unapumua. Wajenzi wa baroko walijenga kwa jiwe, lakini waliyekuwa wakimtegemea hasa ni kivuli.

Halafu kuna sababu isiyo ya sanaa. Friedrich wa Tatu wa Brandenburg alitaka kuwa mfalme. Alikuwa na ardhi, alikuwa na jeshi, hakuwa na taji. Mwaka 1701, tarehe 18 Januari, alijivika taji mwenyewe huko Königsberg, mji wa Prusia, akawa Friedrich wa Kwanza, mfalme katika Prusia. Angalia hilo neno "katika". Ndani ya Dola Takatifu la Kiroma, yaani muungano wa nchi za Kijerumani chini ya kaisari mmoja, asingeweza kujiita mfalme apendavyo, ila Prusia ilikuwa nje ya mipaka ya dola hilo. Kazi ya kulivika kasri sura mpya ilikuwa imeshaanza kabla ya taji. Bwana huyu alitangulia kujenga nyumba ya mfalme, ufalme ukamkuta humo.

Schlüter ni nani? Na mnara wake ulikuwaje?

Andreas Schlüter alikuwa mchongaji kabla ya kuwa mbunifu wa majengo, na inaonekana. Kwao ni Danzig, ambayo leo ni Gdańsk, Poland. Alifanya kazi Warsaw, akaja Berlin mwaka 1694, na mwaka 1699 akapewa usimamizi wa ujenzi wa kasri. Hatua chache kutoka hapa, kwenye ghala la zamani la silaha, kuna vichwa vya askari wanaokufa alivyovichonga ukutani. Vinywa viko wazi, macho yanafumba. Mtu anayejenga nyumba ya silaha na kupamba ua wake kwa maumivu ya wanaouawa kwa silaha, huyo alikuwa na lake moyoni.

Sasa mnara. Kwenye kona ya kaskazini-magharibi kulikuwa na mnara wa zamani karibu na mahali pa kufulia sarafu, kwa hiyo ukaitwa Münzturm, mnara wa sarafu. Mfalme alitaka uinuliwe hadi takriban mita 90, uwekwe kengele za kupiga muziki, uonekane kutoka mbali. Schlüter akaanza kupandisha jiwe juu ya jiwe. Tatizo lilikuwa chini: ardhi ya Berlin ya kati ni mchanga na tope, na msingi wa zamani haukuwekwa kwa mzigo huo. Nyufa zikatokea. Akazungushia kuta nyingine kuushikilia, akafunga na vyuma, lakini kila alichoongeza kilikuwa uzito mpya juu ya tope lilelile. Mwaka 1706 mnara ukaanza kuinama, ikabidi ubomolewe haraka kabla haujaangukia watu.

Schlüter alipoteza kazi ya kasri. Alimalizia maisha yake Saint Petersburg, akiwa mtumishi wa Tsar Peter, mtawala wa Urusi, akafa 1714. Kengele zilizokusudiwa kwa mnara wake zilipelekwa kwenye kanisa la Parochialkirche. Mafundi wa nyumbani nikiwasimulia hadithi hii hutikisa kichwa tu. Wanajua mwenye nyumba akisema "ongeza ghorofa" anayelaumiwa ni nani.

Aliyechukua nafasi yake alifanya nini?

Johann Friedrich Eosander alilirefusha jengo kuelekea magharibi, karibu mara mbili. Lango kubwa la upande huo ni lake, na amelinakili waziwazi kutoka tao la ushindi la Septimius Severus lililoko Roma. Mfalme alipofariki mwaka 1713, mwanawe Friedrich Wilhelm wa Kwanza, mtu mbahili aliyependa askari kuliko marumaru, alifuta matumizi. Kazi ikamaliziwa kwa gharama ndogo na Martin Heinrich Böhme, ikaisha mwaka 1716.

Kwa vipimo, jengo lina urefu wa takriban mita 184 na upana wa mita 117. Lile la zamani lilikuwa na vyumba kama 1,200.

Kile chumba cha kaharabu kilikuwa hapa?

Ndiyo, kile chenye kuta zilizofunikwa kwa kaharabu. Kilikusudiwa kwa majumba ya Friedrich wa Kwanza, kikaishia hapa. Yule mwanawe mbahili akamzawadia Tsar Peter mwaka 1716. Kilipotea Königsberg mwaka 1945. Kilichoko Urusi leo ni kilichotengenezwa upya.

Mbona kuna kuba, na maandishi yale yanasema nini?

Kuba si la baroko. Liliongezwa kati ya 1845 na 1853 na mbunifu Friedrich August Stüler, enzi za Friedrich Wilhelm wa Nne, ili chini yake pawe na kanisa la kasri. Linafika takriban mita 70 na msalaba wake.

Maandishi ya dhahabu kwenye mkanda wa buluu chini ya kuba aliyatunga mfalme mwenyewe kwa kuunganisha mistari miwili ya Biblia, Matendo 4:12 na Wafilipi 2:10. Kwa ufupi: hakuna wokovu kwa jina jingine isipokuwa la Yesu, na kila goti lipigwe kwa jina hilo, mbinguni, duniani na chini ya dunia. Mfalme huyu alikuwa ameona mapinduzi ya 1848, raia wakiuawa mitaani karibu na nyumba yake. Wanahistoria wengi wanayasoma maneno haya kama jibu lake kwa waliotaka katiba: mamlaka yangu yanatoka kwa Mungu, hayatoki kwenu.

Mwaka 2020 msalaba na maandishi vilirudishwa juu, na zogo likalipuka upya. Chini ya maneno hayo leo kuna vitu vya kuabudia na vya mababu kutoka Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki, vingi vikiwa vimechukuliwa wakati watu wake wakipigishwa magoti kweli. Ninayasoma maandishi haya kila nikipita. Mimi ni mtu wa dini, lakini pale juu naona yamekaa vibaya.

Hapa ndipo walipogawana Afrika?

Hapana, na hili hulirudia sana. Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ulifanyika kwenye makao ya kansela Bismarck, mtaa wa Wilhelmstrasse, upande wa magharibi wa hapa. Cha ajabu ni kwamba nyumba ile nayo ilikuwa jumba la baroko la mjini, lililojengwa miaka ya 1730. Limekwisha kabisa. Leo pale kuna majengo ya kuishi watu na bango la kumbukumbu njiani ambalo wengi hulipita wakienda kununua chakula.

Kesho yake mkutano ulipofungwa, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta koloni Afrika Mashariki, na hapo ndipo jambo la Tanganyika lilipoanza kisheria upande wa Wajerumani. Lakini huyo Wilhelm hata kuishi kwenye kasri hakupenda, alikaa kwenye jumba dogo mtaa wa Unter den Linden. Aliyelifanya kasri makao yake ni mjukuu wake, Wilhelm wa Pili, tangu 1888. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilipiganwa kwa jina lake.

Kulikuwa na Waswahili Berlin wakati huo?

Walikuwepo. Mwaka 1887 ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda pwani. Baadhi ya walimu walitoka kwetu. Anayejulikana zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900 na ambaye ametuachia maandishi mengi kuhusu desturi za Waswahili. Alioa Mjerumani. Walipojaribu kurudi nyumbani, wakubwa wa koloni hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam pamoja. Akarudi Berlin, akafia huko mwaka 1927.

Kwa nini lilibomolewa? Si lingekarabatiwa?

Lingekarabatika. Tarehe 3 Februari 1945 ndege za Marekani zilishambulia katikati ya Berlin, kasri likaungua kwa siku kadhaa. Kumbi za fahari zikateketea, lakini kuta za Schlüter zilibaki zimesimama, na mwaka 1946 sehemu zilizosalia zilitumika hata kwa maonyesho.

Shida ni kwamba kisiwa kiliangukia upande wa Wasovieti. Mwaka 1950 Walter Ulbricht, kiongozi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alitangaza kwamba kasri litaondolewa. Walitaka uwanja wa magwaride, na kwao jengo hili lilikuwa alama ya wafalme na vita: kutoka hapa Wilhelm wa Pili aliwahutubia watu mwaka 1914 akiwaingiza vitani. Wanahistoria wa sanaa waliandika barua za kupinga, hazikusaidia. Kuanzia tarehe 7 Septemba hadi 30 Desemba 1950 lililipuliwa kwa baruti, kipande kwa kipande.

Ila waliacha kitu kimoja. Tarehe 9 Novemba 1918, siku ufalme ulipoanguka, Karl Liebknecht alitangaza jamhuri ya kijamaa akiwa kwenye lango namba nne. Chama hakingeweza kulipua mahali patakatifu pake. Lango likaokolewa, na miaka ya 1960 likabandikwa kwenye jengo jipya la Baraza la Serikali, ng'ambo ya uwanja. Siku hizi humo kuna chuo cha biashara. Na kwa kuwa kasri limejengwa upya na malango yake yote, leo mji una malango mawili namba nne. La ujamaa lina mawe ya asili kiasi, la ufalme ni jipya lote.

Kati ya 1950 na sasa palikuwa na nini?

Kwanza uwanja mtupu. Kisha, mwaka 1976, Ujerumani Mashariki ikafungua Palast der Republik, jumba la vioo vya rangi ya shaba lenye bunge, kumbi za muziki, migahawa na mahali pa kuchezea bolingi. Watu wazima wa upande wa mashariki watakusimulia arusi na dansi za mle. Mwaka 1990 likafungwa kwa sababu ya asbesto, na kati ya 2006 na 2008 likabomolewa. Wapo ambao hawajasamehe, na wana hoja: kasri liliporudi, kumbukumbu yao ndiyo iliyolipa nauli.

Waliwezaje kuchonga upya kitu kilicholipuliwa?

Hapa nawavulia kofia, hata kama sikubaliani na mengine.

Michoro kamili ya ujenzi haikuwepo. Kilichokuwepo ni picha. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, taasisi ya Prusia ya kupima majengo kwa kamera ilikuwa imelipiga kasri picha kwa vioo vikubwa, kwa namna ambayo kutoka kwenye picha unaweza kukokotoa kipimo halisi. Kutoka humo wakarudisha upana wa dirisha na kina cha ukingo. Mabaki yaliyofukuliwa kwenye vifusi yakasaidia kuhakiki.

Kisha wachongaji. Karakana ilifunguliwa Spandau, pembezoni mwa Berlin. Kwa kila tai, kila shada la maua, kila kichwa cha kondoo dume, walifinyanga kwanza mfano wa udongo kwa kutazama picha za zamani. Kamati ya wataalamu ikaja, ikasema shavu hili limenenepa, sikio hili halina uhai wa Schlüter, rudia. Ukikubalika, mfano unamiminiwa plasta, na kutoka plasta ndipo jiwe linachongwa kwa patasi, vipimo vikihamishwa nukta kwa nukta. Vipande vya mapambo vilikuwa kama elfu tatu. Kuna vijana waliojifunza uchongaji wa baroko kazini hapo, karne tatu baada ya baroko kwisha.

Kabla ya yote hayo, mwaka 1993, wapenzi wa kasri walisimamisha jukwaa la vyuma kiwanjani na kulifunika kwa turubai lililochorwa sura ya kasri kwa ukubwa wake halisi. Watu waliokuwa wakicheka wakaja, wakatazama, wakanyamaza. Bunge la Ujerumani lilipiga kura ya kuunga mkono mwaka 2002.

Mbona upande wa mtoni ni mtupu kama ofisi?

Ni makusudi. Mwitaliano Franco Stella, aliyeshinda shindano la wabunifu mwaka 2008, aliruhusiwa upande mmoja wa kisasa, na huo ndio. Wengi hawaupendi. Mimi nauona kuwa upande pekee wa nje usiojifanya.

Iligharimu kiasi gani?

Takriban euro milioni 680. Zaidi ya milioni 100 kati ya hizo ni michango ya watu binafsi, hasa kwa mapambo ya nje.

Vitu vya kwetu vimo humu?

Vimo. Jengo sasa linaitwa Humboldt Forum, na ghorofa za juu zina makumbusho ya etnolojia ya Berlin. Makumbusho hayo yanamiliki takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania, vingi vikiwa ghalani, na miongoni mwake vipo vilivyotekwa wakati wa Maji Maji. Mwishoni mwa 2024 yalifunguliwa maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam. Kwa upande wa Nigeria, mwaka 2022 umiliki wa zaidi ya vitu 500 vya ufalme wa kale wa Benin vilivyokuwa Berlin ulirudishwa kwa wenyewe, vingine vikabaki kwa mkopo.

Mafuvu usiyatafute maonyeshoni, hayamo. Lakini taasisi inayoyasimamia makumbusho haya imeyachunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi yakitoka Rwanda, na baadhi Tanzania. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai miongoni mwa Wachagga. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji. Nyumbani wanasubiri mifupa yao.

Na yule dinosau wa Tendaguru?

Hayuko hapa. Yuko makumbusho ya viumbe asilia, mtaa wa Invalidenstrasse. Alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Tutakwenda siku nyingine.

Naweza kuona kumbi za mfalme?

Hazipo. Ndani ni kisasa kitupu, ngazi za umeme na kuta nyeupe. Vyombo vya fedha vya ukumbi wa kiti cha enzi viko kasri la Köpenick.

Tuje lini, na tusimame wapi kupiga picha?

Siku yoyote isipokuwa Jumanne, wanafunga. Ua wa ndani hauna kiingilio, na hadi ninapoandika maonyesho ya kudumu ya etnolojia pia ni bure, ila kupanda paani unalipia. Upande wa kaskazini unaotazama bustani ya Lustgarten una kivuli karibu mchana kutwa, picha zake hutoka za kijivu. Nenda magharibi, mbele ya lango la Eosander, saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Jua linapiga usoni, kila mchongo unajitokeza. Wasimamishe watoto kushoto kidogo, maana katikati kuna baiskeli zinazopita kwa kasi na hazina breki za huruma.